Kitinda na Ubani wa Alkhamisi

Niwekeeni hicho kikombe cha samaki hapo mezani, na msitikise maji yake. Najua kilichowaleta. Samaki wenu wa kwanza amekufa, mkanunua wa pili, na huyu wa pili mmeanza kumhofia. Mwasema yule wa kwanza "amezima", kana kwamba alikuwa taa. Hakuzima, mmemuua. Nawaambia bila haya kwa sababu mimi niliua arubaini kwa siku moja, kwa mkono wangu huu, na kwa nia njema kuliko yenu.

Kaeni. Bibi mwenye mvi aliyewafungulia mlango atawaletea chai.

Watu wengi wananijua kwa miaka niliyofanya kazi Mombasa, kwenye duka la samaki wa mapambo, mpaka mgongo ulipokataa kubeba ndoo. Huko niliona mengi. Kulikuwa na baba mmoja aliyenunua madume wawili wa samaki hawa wapiganaji, mmoja kwa kila mwanawe, akawatia bakuli moja ili watoto wajifunze kuishi kwa upendo. Alirudi kesho yake na dume mmoja na nusu. Lakini kazi yenyewe sikuijulia Mombasa. Niliijulia hapa hapa Garsen, miaka ya hamsini, wakati Garsen ilikuwa kivuko, maduka machache, na mbu.

Mimi ni mtu wa Kipini. Mume wangu alikufa kwa homa, akaniacha na binti wa miaka sita, Mariamu. Ndugu wa mume wangu, shemeji Athumani, hakuwa mtu mbaya, hilo nilieleze mapema. Lakini alikuwa na msimamo wake: mwanamke asiye na mume wala kazi hawezi kulea mtoto wa ndugu yake, na mtoto atakuja kukaa kwake na wake zake. Nikamwambia kazi nitaipata. Akanitazama vile mnavyomtazama mtu anayesema atahamisha mto.

Kazi nikaipata Garsen, kwa Mzungu mmoja aliyekuja kuchunguza mbu. Jina lake halikuweza kukaa mdomoni mwa mtu, kwa hiyo mji mzima ulimwita Bwana Viluwiluwi, kwa sababu alishinda mitaroni na visimani akichota viluwiluwi vya mbu na kuvihesabu. Aliniajiri nifue na nichote maji, nikae hapo hapo na Mariamu. Siku moja lori la kutoka Mombasa likamletea chupa mbili zilizofungwa ndani ya sanduku la majani makavu. Ndani ya chupa moja mna samaki dume, mwekundu, mapezi yake yanaburura kama kanga mpya. Ndani ya nyingine mna jike wa rangi ya udongo. Akasema: "Hii samaki nakula viluwiluwi sana. Mimi nataka watoto yake, nazaliwa hapa, nazoea maji ya Tana. Halafu natia kwa visima yote."

Na kazi ya kuwatunza akanipa mimi, kwa sababu mpishi wake aliwaona akauliza wanakaangwa na nini.

Basi dume akajenga povu juu ya maji, kiota chake hicho, wakazaa. Bwana alichelewa kumtoa jike, dume akamuua. Siku chache baadaye, watoto walipoanza kuogelea, tukamtoa dume, tukamweka kwenye chupa isiyo na kifuniko. Asubuhi nikamkuta sakafuni amekauka. Samaki huyu huruka, wanangu. Sijui anafikiri anakwenda wapi, lakini huruka. Tangu siku hiyo nikaapa kila chombo cha samaki nitakifunika gubigubi. Mkumbuke kiapo hicho, kwa sababu ndicho nusu ya msiba.

Watoto walibaki arubaini na sita kwenye beseni la udongo, kila mmoja mwembamba kama ukope. Chakula chao kwanza hakionekani kwa macho. Nilikuwa nikiloweka maganda ya ndizi za kijiji cha Ngao kwenye kopo, naliacha juani mpaka maji yanakuwa na ukungu, kisha nayadondosha kwa unyoya wa kuku, tone hapa, tone pale. Siku moja nikajifanya mjuzi, nikawapa kiini cha yai. Maji yalioza kabla ya adhuhuri, nikapoteza watano. Kwa hiyo nyinyi mnaomwaga vidonge vya chakula nusu kiganja, mkiona samaki hali mnaongeza tena, mjue siwacheki. Tumbo la mtoto wa samaki ni dogo kama jicho lake. Mpe kidogo, na kisicholiwa kitoe.

Wakakua kidogo. Bwana akaleta kutoka Mombasa tangi jipya la vioo, akaniambia nilijaze na niwahamishe. Yeye alikuwa anasafiri Bangale, miezi miwili, kuangalia mbu wa visima vya wafugaji. Akapanda gari, akatoa kichwa dirishani: "Mimi nikirudi samaki iko, kazi iko. Samaki hapana, kazi hapana. Mimi nafunga nyumba, nakwenda zangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Lakini mimi nilisikia jingine: samaki hapana, Mariamu hapana.

Nikaanza vizuri. Maji ya Tana ni tope, mnajua wenyewe. Niliyaweka kwenye mitungi siku tatu yatulie, nikachota ya juu tu kwa kata. Nikajaza tangi, nikawahamisha samaki polepole. Tatizo likawa harufu. Tangi lile lilinuka gundi ya vioo na rangi mbichi, ukiinama juu yake kichwa kinauma. Nikajiambia, hawa watoto wanalala ndani ya harufu hii?

Na mimi nimelelewa Kipini. Kwetu mtungi mpya ukinuka udongo, unaufukiza kwa ubani ndipo unatia maji ya kunywa. Nyumba mpya unaifukiza. Nguo ya bibi harusi unaifukiza. Kitu kikiwa kipya nawe unakipenda, unakitia ubani. Ilikuwa Alkhamisi, na Alkhamisi jioni nyumba zetu zote hufuka. Nikawasha makaa, nikatia ubani mzuri niliokuwa nimeuhifadhi kwa Idi, nikakining'iniza chetezo kwa waya ndani ya tangi, juu ya maji, nikaacha moshi ujae. Kisha nikakitoa, nikarudisha kioo cha kufunikia, nikakikaza kwa kitambaa pande zote. Nikasoma nilichokijua. Nililala nikiwa nimeridhika.

Ijumaa asubuhi walikuwa juu ya maji wote, wamelala ubavu. Maji masafi kabisa, na nyumba inanukia vizuri.

Sikulia. Nilikaa chini kwenye sakafu. Mariamu ndiye aliyesogeza uso wake kwenye kioo, akasema, "Mama, huyu yuacheza." Nikasema nyamaza. Akasema tena, "Yuacheza, mama. Chini huku."

Kweli. Chini kabisa, nyuma ya jani la majini nililowatilia, kulikuwa na mmoja. Na wala hakuwa wa maana. Alikuwa yule aliyedumaa, nusu ya wenziwe, ambaye kila siku nilisema huyu kesho simkuti. Nikamchota kwa kijiko, nikamtia kwenye chupa ya jamu. Mariamu akamwita Kitinda, kwa sababu ndiye wa mwisho.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu ulivyokuwa mkubwa. Nikafikiri nani ameniulia samaki. Nikasema ni jicho la husuda. Mpishi yule, au wale wa dukani waliokuja kuchungulia. Arubaini hawafi pamoja hivi hivi. Na dawa ya jicho kwetu ni nini? Nikawasha makaa tena. Nikaiweka ile chupa ya jamu mbele yangu, nikashika chetezo, nikaanza kukisogeza kwenye mdomo wa chupa.

Hapo akaingia Mama Galgalo. Huyu alikuwa mama wa Kiorma aliyetuletea maziwa kila asubuhi, mrefu, mkavu, maneno yake ya kuhesabu. Waorma wa wakati ule hawakula samaki, hata kuwagusa, lakini yeye alipenda kuwatazama. Kila siku akiteremsha kibuyu husimama mbele ya beseni kitambo, kisha huondoka bila kusema. Siku hiyo alisema.

"Moshi ya nini?"

"Wa jicho," nikamjibu. "Samaki wamekufa. Huyu ndiye aliyebaki."

"Jana wewe naweka moshi?"

"Ndiyo. Ubani."

Akanishika mkono, mkono wenye chetezo, akauondoa pale kama unavyomwondolea mtoto kisu. "Ndama ikizaliwa," akasema, "sisi hapana weka upande ya moshi. Ng'ombe kubwa naweza. Ndama hapana, nakufa."

"Ndama apumua hewa, mama. Samaki apumua maji."

Akanitazama kwa huruma ya kuudhi. "Wewe nakaa na hii samaki kila siku? Hii samaki nakunywa upepo. Mimi naona kila asubuhi. Nakuja juu, nakunywa, narudi chini. Nakuja juu, nakunywa."

Wanangu, niliwaona mimi pia wakija juu. Niliona kila siku, nikadhani wanaomba chakula, nikawaongezea ganda la ndizi. Yule ambaye hajawahi kumshika samaki maishani mwake ndiye aliyeona. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikachukua makaa yale nikayazima kwenye mchanga.

Lakini swali likabaki. Kama moshi ndio uliowaua, huyu mdumavu amepona vipi? Sikulijibu siku ile. Nilichofanya ni kuapa upya, safari hii kwa akili: huyu mmoja hafi. Bwana akirudi atamkuta hai, hata kama mimi sitalala, hata kama mji mzima utanicheka. Nikalimwaga tangi. Nikalisugua kwa chumvi na mikono mitupu, sabuni haikugusa, nikalianika juani, nikalijaza, nikalimwaga, mara tatu, mpaka harufu ya gundi ikaisha yenyewe. Ndivyo linavyotakiwa tangi jipya, maji na jua na subira. Kisha nikaiacha chupa ya jamu ielee ndani ya tangi nusu siku ili maji yalingane joto, nikawa namtilia Kitinda kijiko kimoja cha maji mapya, nangoja, kijiko kingine, nangoja. Kufika alasiri akatoka mwenyewe. Juu nikaweka kioo, nikaacha nafasi ya kidole, na gunia kuzunguka tangi kwa ajili ya upepo wa masika.

Alipoweza kula kikubwa zaidi, nikaanza kumfugia mbu. Ndiyo, mbu. Nilitega makopo ya maji nyuma ya nyumba, nikachuja viluwiluwi kwa kitambaa cha melimeli, nikampa vile vichanga tu. Ndani ya nyumba ya mtu aliyeletwa kuwamaliza mbu, mimi nilikuwa nawazalisha. Mpishi alihama akaenda kulala kivukoni.

Shemeji Athumani alifika kipindi hicho. Habari zilikuwa zimeshuka mto mpaka Kipini kwamba samaki wa Mzungu wamekufa. Akaketi, akanywa maji, akainama mbele ya tangi, akatafuta sana. Sisi wa Kipini tuna lafudhi yetu, yeye hakuificha hata mbele ya wageni.

"Hii ndiyo kazi? Samaki mmoya?"

"Mmoja," nikasema.

"Na yeye wa kutafutwa kwa miwani." Hakucheka. "Shemeji, mimi sitaki ugomvi. Bwana wako akirudi akikufukuza, mwana tamtukua siku iyo iyo. Mfungie nguo zake mapema."

Mariamu alikuwa mlangoni anasikia yote. Nilitaka kumtukana mzee yule. Badala yake nikasema neno ambalo hata mimi lilinishangaza. Nilisema, "Njoo siku hiyo. Na ukija, niletee majani makavu ya mkungu, yale mekundu yanayoanguka kwenye birika la msikiti."

Lazima niwaeleze birika lile. Pale kwetu msikitini palikuwa na birika la kutawadhia, na ndani yake visamaki vilivyowekwa kula viluwiluwi, na juu yake mti wa mkungu. Majani yalipoanguka maji yaligeuka rangi ya chai nyepesi, na vile visamaki havikuugua hata siku moja. Nilikuwa nimelala nikilikumbuka birika lile, usoni pa Kitinda pakiwa na doa jeupe nisilolipenda. Na shemeji Athumani ndiye aliyekuwa akifagia pale. Miaka yote nilimsikia akiyalaani majani hayo.

"Majani?" akasema. "Mimi n'je kutukua mwana, wewe wanituma takataka?" Akachukua fimbo yake akaondoka.

Nikabaki na doa jeupe na chumvi. Nilitia chumvi kidogo sana, nikabadilisha maji kata moja kila asubuhi, si zaidi, na doa likafifia bila kwisha. Kisha siku moja, nimekaa namtazama, Kitinda akapanda. Alipanda kwa kujikongoja, akagusa uso wa maji, akameza kitu, akashuka mbio kama aliyeiba. Na hapo ndipo nikalijua jibu. Siku ile ya ubani alikuwa hajaanza kunywa upepo. Wenziwe wakubwa, wenye afya, walikuwa wamekwisha kujifunza kupanda, na kila aliyepanda alimeza moshi wangu. Huyu aliyedumaa aliponea kwa kuchelewa kukua. Nilimwita Mariamu aone. Hapo sasa nililia.

Gari la Bwana lilirudi siku ya jua kali, limekuwa jekundu kwa vumbi la Bangale. Sijui nani humfikishia Athumani habari, lakini kabla ya Bwana kunawa uso, shemeji alikuwa ameketi barazani, kikapu miguuni. Nguo za Mariamu nilikuwa sijazifunga. Nilikataa kuzifunga.

Bwana akaingia moja kwa moja kwenye tangi. "Samaki yangu iko wapi?"

"Yupo mmoja, Bwana."

"Moja? Ingine iko wapi?"

Mlango ulikuwa wazi na shemeji anasikia. Ningeweza kusema maji, au joto, au tangi bovu. Nikasema, "Nimewaua mimi. Nilitia moshi wa ubani nikafunika, nao wanapumua hewa ya juu. Huyu alipona kwa sababu alikuwa mdogo, alikuwa hajaanza kupanda. Sasa anapanda. Kaa utazame."

Uso wake uligeuka mwekundu, na nikaona kazi yangu imekwisha. Lakini alikuwa mtu wa kuchunguza, na mtu wa kuchunguza ukimwambia kaa utazame, hawezi kukataa. Akavuta kiti. Kitinda wakati huo alikuwa na urefu wa kifundo cha kidole, wekundu umeanza kumwingia mapezini. Akatuzungusha kwanza. Kisha akapanda, akanywa, akashuka. Bwana akatoa saa yake. Akahesabu mara ya pili, na ya tatu. Akaniuliza siku ngapi tangu moshi mpaka alipoanza kupanda, nikamwambia, maana kila siku nilikuwa nikifunga fundo moja kwenye uzi. Akaandika yote, na jina la Mama Galgalo nikamlazimisha aliandike.

Kisha akafunga kitabu. "Mimi natuma barua Mombasa, naleta jozi ingine," akasema. "Hii mara, mimi hapana sema kitu. Wewe nasema, mimi nafuata. Kazi iko."

Nikatoka barazani. Nilisimama mbele ya shemeji, Mariamu ameshika kanga yangu. Alikuwa amesikia.

Athumani akakivuta kikapu chake. Kisha akakifungua. Nilidhani anatoa kamba ya kufungia mzigo wa mtoto. Akatoa furushi la majani ya mkungu, makavu, mekundu, amekwisha kuyapangusa vumbi moja moja na kuyafunga kwa ukili. Alikuwa ameyabeba kutoka Kipini, siku ile ile aliyokuja kumchukua mwanangu. Akaniwekea mkononi.

"Wataka mangapi kwa mwezi?" akauliza.

Basi. Leteni hicho kikombe karibu, tuanze. Na mmoja wenu amwambie huyo bibi aache chai kwanza atuletee majani kutoka kabatini, anajua yalipo. Mwiteni tu kwa jina, hapendi kuitwa bibi. Mwiteni Mariamu.